Kinanda Kinapokataa Kulia

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za lishe na chanjo, tuangalie jambo linalosumbua kwaya nyingi, na hata nyumba zenye watoto wanaojifunza muziki: kinanda cha umeme chenye noti zisizolia.

Mwaka jana kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza, ilikaribia kugawanyika kwa ajili ya noti tatu. Binti anayetupigia kinanda alikuwa akiruka sauti kila wimbo. Tukasema hafanyi mazoezi, tena ana kiburi. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema. Fundi mmoja akatuambia chombo kimekufa, tununue kingine. Kwa fedha gani? Hicho chenyewe tulikipata kwa kuuza dagaa na maandazi.

Jumamosi moja binti akaja kwangu akilia. "Mama, naacha kwaya," akasema. Ndipo nikakumbuka tunavyofanya wodini: mgonjwa hupimwa kwanza, ndipo apewe dawa. Tukakifungua kinanda pamoja.

Chini ya vitufe kuna mpira laini wenye vidoto vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza kitufe, kidoto hugusa njia za umeme kwenye kibao cha chini, na sauti hutoka. Vumbi au unyevu ukiingia katikati, umeme haupiti. Vinanda vingi vina vidoto viwili kwa kila noti ili kupima nguvu ya kidole. Kimoja kikichafuka, noti hunyamaza au hulia kwa sauti kubwa kupita nyingine. Na sisi wa kando ya ziwa tuna adha yetu: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa usiku. Tuliwakuta wamekauka humo ndani, wamechanganyika na vumbi.

Fanya hivi:

1. Chomoa waya wa umeme na utoe betri. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja bila adapta, usifungue, mpelekee fundi.

2. Kilaze kifudifudi juu ya blanketi. Fungua skrubu, na uchore kwenye karatasi kila moja ilikotoka, maana hazilingani urefu. Usivute nyaya.

3. Fungua kibao kilicho chini ya vitufe, kisha ubandue mpira polepole.

4. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Lowesha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi kwa spiriti isiyo na mafuta, upanguse vidoto na kibao. Usikwangue kwa msasa wala wembe, kaboni itatoka. Dawa ya kutakasa mikono haifai, kwa kuwa nyingi zina gliserini. Kaa mbali na jiko; spiriti hushika moto upesi.

5. Acha vikauke kabisa. Rudisha mpira, kila kishikizo kwenye tundu lake, bila gundi. Kisha funga.

Kama noti zilizokufa zinafuatana kwa mpangilio, mathalani kila ya nane, tatizo huenda liko kwenye nyaya au kibao. Hapo tafuta fundi mwaminifu.

Kinga ni rahisi: baada ya mazoezi kifunike kwa kitenge kizito, na kikombe cha chai kisiwekwe juu yake kamwe.

Noti zetu tatu zililia jioni ile ile. Jumapili, kabla ya ibada, nilimwomba binti radhi mbele ya kwaya nzima, kwa sababu nilimsema mbele yao. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Lakini Bwana alituonya tusiwe wepesi wa kuhukumu, na mimi nilihukumu mtoto kwa kosa la vumbi. Bado anatupigia hadi leo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.