Ushuru ni jasho lako, nenda mkutanoni

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Mvumi, kisheria ushuru wa mazao hutozwa mnunuzi. Lakini mnunuzi naye ana hesabu zake: anachotozwa getini hukipunguza kwenye bei ya gunia la mahindi shambani. Kwa hiyo fedha inayoingia Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ni jasho lako pia.

Ndiyo maana siungi mkono tabia ya kuwaachia wazee mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkutano unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Pale ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa, na vipaumbele vya kijiji hupangwa kabla ya kupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukilalamikia barabara mwezi wa Agosti, bajeti imeshapita. Uliza mapema, dai risiti kila unapolipa, na hakikisha hoja yako imeandikwa kwenye muhtasari. Hoja isiyoandikwa haifiki Kilosa.