Usiilaumu fyuzi, tafuta shoti

Makanisa yetu mengi yana basi dogo la zamani. Hubeba kwaya kwenda kwenye tamasha, hubeba akina mama kwenda msibani, na pengine hubeba jeneza. Gari la namna hiyo likishapita mikononi mwa mafundi wengi, nyaya zake huwa zimeungwa na kuungwa tena. Mmoja alifunga redio, mwingine akaongeza taa za ndani, wa tatu akapitisha waya wa spika chini ya viti. Siku moja, safari ya usiku, fyuzi inakatika na taa zinazimika.

Fyuzi ni kitu cha bei ndogo. Ndani yake mna kipande chembamba cha metali kilichowekwa makusudi kiyeyuke umeme unapozidi, kabla waya haujashika moto. Nyekundu ni ya ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ikikatika haijaharibu gari, imeliokoa. Lakini wengi wetu huikasirikia. Tunachomeka ya 30 mahali pa 10, au tunakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kuishindilia pale. Taa zinawaka, tunamshukuru Mungu, safari inaendelea. Shoti iko palepale. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna wa kuonya. Kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, na watu wamo ndani.

Tabia hiyo hatuiachi gereji. Mweka hazina akiomba risiti za mfuko wa ujenzi, anaambiwa ana roho ya upinzani, na uchaguzi ukifika anatafutwa mwingine "mvumilivu". Binti akikataa kwenda kulala kwa ndugu fulani, anaitwa mkaidi na kuchapwa. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Mke akisema nyumbani hakuna amani, anaitiwa wazee wamfundishe kunyamaza. Hizo zote ni fyuzi zilizokatika, nasi tunatafuta zisizokatika.

Mfalme Ahabu alikuwa na manabii wapatao 400 waliomwahidi ushindi kule Ramoth-gileadi. Mikaya peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, naye akatupwa gerezani kwa mkate na maji (1 Wafalme 22). Ahabu akaenda vitani, na jioni ya siku hiyo akafa. Kumfunga Mikaya hakukuuzuia mshale.

Basi fundi mzuri hufanyaje? Kwanza haongezi fyuzi. Huitoa, na mahali pake huunganisha taa ndogo ya kupimia. Maadamu shoti ipo, taa ile huwaka kwa nguvu. Kisha huchomoa tawi moja moja: redio, taa za nyuma, taa za ndani. Tawi ambalo likichomolewa taa ya kupimia inafifia au inazimika, ndilo lenye kosa. Hapo huufuata waya ule kwa mkono, hatua kwa hatua, hasa unapopenya kwenye tundu la bati na unapopinda mlangoni, mpaka aone mahali ganda lilipochubuka. Hakati nyaya zote kwa hasira, wala hamshuku kila mtu.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya Israeli kushindwa kule Ai na watu kama 36 kuuawa (Yoshua 7). Yoshua alirarua mavazi na kulala kifudifudi mpaka jioni. Mungu akamwambia ainuke, kwa maana kulikuwa na kitu kilichofichwa. Wakatafuta kwa utaratibu: kabila, kisha ukoo, kisha nyumba, kisha mtu mmoja mmoja, hadi hemani mwa Akani. Naomba tulisikie neno hilo. Yako matatizo ambayo tunayakeshea na kuyafungia, na Mungu anatungoja tuinuke tukague vitabu vya hesabu, tumkalishe mtoto tumsikilize. Maombi hayakuwekwa yachukue nafasi ya kutafuta.

Habari ya Akani iliishia kwa mauti. Sisi tulio chini ya neema hatutafuti wa kumpiga mawe. Tunatafuta kosa ili litengenezwe. Waya uliochubuka huvishwa ganda jipya, tundu lenye makali huwekewa mpira, gari hurudi barabarani. Lakini neema si karatasi ya sigara. Aliyekula fedha za waumini na azirudishe na aachie ofisi. Na pale mtoto alipoumizwa, kutengeneza ni kumlinda yeye kwanza na kwenda polisi, wala si kuyamaliza kimyakimya ili jina la kanisa lisichafuke.

Wazee wa kanisa, wachungaji na wazazi, kabla ya kumbadilisha anayelalamika wiki hii, muulizeni ameona nini. Huenda yeye ndiye kitu pekee kinachosimama kati ya nyumba yenu na moto.

Bwana atupe ujasiri wa kutafuta, na upole wa kutengeneza. Jumapili njema.