Baridi inasingiziwa, okidi zinauawa na maji

Kipupwe kimeshaingia na simu zimeanza: "Afisa, okidi zangu zinalegea majani, nipige dawa gani?" Jibu langu siku hizi ni moja, na wengi hawalipendi. Weka chini hilo bomba la dawa, na hilo ndoo la maji pia.

Majuzi nilikuwa kwa kijana mmoja hapa Njombe. Ana kitalu nyumba kimoja cha Phalaenopsis, ile okidi ya majani mapana ambayo wapambaji wa harusi wanaigombania. Mtaji wake ni mkopo wa vijana wa halmashauri. Nailoni kaifunga pande zote, usiku na mchana, ndani matone yanadondoka kutoka juu kama mvua. Majani yalipolegea akaona ni kiu, akaongeza maji. Nikachomoa mmea mmoja: mizizi ya kahawia, ukiibinya ganda linavuka kama soksi. Kiu ilikuwepo kweli, ila mmea haukuwa na mizizi ya kunywea.

Nani alimwambia afunge kutwa nzima? Mimi. Nilizoea nyanya, nikadhani ua ni ua tu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyalipia aibu.

Phalaenopsis kwao ni misitu ya joto ya Asia, na inaishi juu ya miti, mizizi ikipigwa na hewa. Inapenda usiku usioshuka chini ya nyuzi 16 hivi. Njombe mwezi Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na nailoni ya tabaka moja haizuii sana. Mmea ukipoa unasimama kukua, unakunywa kidogo mno. Chungu kilichokuwa kinakauka kwa siku tano sasa kinachukua kumi au zaidi. Anayemwagilia kwa kalenda anaozesha.

Mizizi yenyewe inakwambia. Ikiwa ya kijani, bado ina maji, iache. Ikiwa nyeupe ya kijivu, imekauka, mpe. Nyanyua na chungu, uzito hausemi uongo. Mwagilia asubuhi, kwa maji yaliyokaa kwenye pipa humo ndani yakapoteza ubaridi, na usiache tone limetuama kwenye moyo wa mmea, pale majani yanapokutana. Hapo ndipo bakteria na ukungu wanapoanzia, na moyo ukioza hakuna dawa ya kuurudisha. Jua likishapanda fungua pembeni unyevu utoke, kisha funga alasiri kabla joto halijaondoka. Mapipa meusi yaliyojaa maji yakipigwa na jua mchana yanasaidia kidogo usiku. Kidogo, sikudanganyi.

Kuna wanaowasha jiko la mkaa ndani. Jamani, hapana! Hewa ya mkaa kwenye banda lililofungwa inaua mtu kimyakimya, na vijana wengine wanalala humo humo wakilinda. Tena moshi una gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi. Okidi ikiivuta inadondosha vitumba vyote kabla havijafunguka. Umehatarisha roho yako kuokoa maua, na maua yenyewe umeyapoteza.

Sasa msimamo wangu, na najua wauzaji wa miche hawataufurahia: kama huna mtaji wa kupasha joto kitalu kwa njia salama, usilime Phalaenopsis huku juu. Ipeleke kwa wenzetu wa joto. Huku kwetu jaribu Cymbidium. Hiyo inataka usiku wa baridi, nyuzi 10 hadi 14 hivi, ndipo itoe shina la maua. Baridi inayokuumiza kichwa ndiyo itakayokufanyia kazi. Kasoro yake ni uvumilivu, kwani mche mdogo unachukua miaka kadhaa kuchanua, kwa hiyo usiukopee pesa ya marejesho ya miezi sita.

Tazama hata Kitulo, jirani zetu. Okidi za kule juu hazipambani na kipupwe, zinajificha ardhini kwenye viazi vyake, zinachanua mvua zikija. (Na usiende kuzichimba, ile ni hifadhi ya taifa.) Kila okidi ina baridi yake, lakini anayekuuzia mche hakwambii, maana ukifa utarudi kununua mwingine.

Yule kijana tulikata mizizi iliyooza kwa wembe tuliochoma moto, tukapanda upya kwenye magome makavu, tukaacha siku kadhaa bila maji. Majani yamelegea bado, ila michache imeanza kutoa ncha za kijani. Rejesho lake la kwanza ni Septemba. Nitapita tena Jumamosi kuhesabu naye vilivyo hai, ndipo twende pamoja kwa afisa maendeleo tukaombe muda.