Kabla ya Kumwita Fundi Mwizi, Lala Chini ya Gari

Wenye magari wa nchi hii tuna mazoea mabaya ya kumwita fundi mwizi kabla hata hajashika spana. Nasema tuna, kwa maana nami nilikuwa miongoni mwao hadi majuzi, klachi ya gari langu ilipochakaa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la milango miwili na injini ya silinda sita. Vijana hulitazama kama kitu kilichotoroka jumba la makumbusho, lakini wazee wenzangu hawahitaji maelezo: ni gari la aina hii lililompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za Safari mwaka wa 1971, na Shekhar Mehta mwaka wa 1973. Langu halijashinda lolote. Nikikwea kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, injini ilinguruma kwa ghadhabu ilhali mwendo ulizidi kupungua, na harufu ya kuungua ikatanda ndani. Diski ilikuwa imelika hata haiwezi tena kuing'ang'ania flaiwili.

Gereji moja ilinitajia gharama ya kazi, mbali na vipuri, nami nikaiona kuwa unyang'anyi mtupu. Nikaapa kuifanya nyumbani, nikisaidiwa na mpwa wangu aliyehitimu chuo cha ufundi na ambaye hadi wakati huo hakuwa amepata ajira.

Msomaji asidhani kuwa klachi hubadilishwa kama taa. Ili kuifikia, sharti ung'oe betri, starta, ekzosi ya mbele na propela, ambayo huwekwa alama kwanza ili irudi ilivyokuwa. Kisha giaboksi yote huteremshwa, nayo si mzigo wa kupokewa na mtu mmoja aliyelala chali. Kabla ya hayo yote, mpwa wangu alikataa katakata kuingia chini ya gari lililoegemea jeki pekee.

"Mjomba, jeki ni ya kuinulia," akaniambia. "Si ya kulalia."

Nilitahayari, kwani nilikuwa nimekwisha kutandika gunia. Tukaenda kuazima stendi za chuma. Je, ni mafundi wangapi wa kando ya barabara walio na stendi hizo? Wengi hupanga mawe na vipande vya mbao, nasi tumesimama kivulini tukiwauliza kama bado hawajamaliza. Vumbi la klachi nalo hupulizwa kwa mdomo, ilhali diski nyingi za zamani zilitiwa asbesto, ambayo husababisha saratani. Sisi tulilifuta kwa kitambaa kilicholowa maji. Katika miaka yangu yote ya kupeleka magari gereji, sikuwahi kumwona fundi akifanya hivyo, wala sikuwahi kumpa mmoja wao kitambaa.

Diski kuukuu ilikuwa imebaki ribiti tupu, nazo zilikuwa zimeikwaruza flaiwili hata ikabidi ipelekwe kukerezwa. Hapo nikakumbuka kwamba klachi hiyo haikuwa ya zamani sana. Niliinunua mpya, ndani ya boksi linalong'aa, katika duka ambalo sitalitaja. Mpwa wangu aliigeuzageuza, akanionyesha chuma cha zamani kilichobandikwa ngozi mpya na kupakwa rangi. Fundi aliyeifunga wakati ule nilimtukana. Yeye alifunga nilichompelekea, tena nilichokichagua kwa sababu kilikuwa rahisi.

Jumamosi jioni tulimaliza, nikakanyaga klachi, na gia zikakwaruzana vibaya. Kosa lilikuwa langu. Kishikizo cha beringi ya klachi katika magari haya kilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, na ni lazima kilingane na presha pleti iliyopo. Mpwa wangu alitaka tuvipime; mimi nikasema tunachelewa. Giaboksi ikashuka mara ya pili, na siku nzima nikaimaliza katika Barabara ya Kirinyaga nikitafuta kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Sisemi kwamba gereji zote ni za haki. Zipo zinazobadilisha kisichoharibika. Lakini bei ile niliyoiita unyang'anyi ilikuwa ya kazi iliyotuchukua wawili siku nne, na mgongo wangu haujanyooka bado. Tunapomvuta fundi hadi akubali nusu yake, tunamwachia njia gani? Atapunguza stendi, atapunguza kupima, atanunua boksi linalong'aa.

Gari sasa linapanda Mai Mahiu bila kunung'unika. Mpwa wangu nilimlipa kiasi kile kile nilichotajiwa na gereji. Alizihesabu noti mara mbili, kisha akaniuliza kama nimekosea.