JICHO LA ANGANI LINAIONA SENGEREMA, WEWE UNAONYESHWA NINI?

Kijana mwenzetu, wakati umekaa kijiweni pale stendi ya Sengerema, bati la nyumba ya baba yako kule kijijini linaonekana kutoka angani. Si utani. Tarehe 24 Septemba 1999 Wamarekani walirusha satelaiti ya IKONOS kutoka Vandenberg, California. Ikiwa kilomita 681 juu yetu, iliona kitu cha mita moja, na picha zake zikauzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Kabla ya hapo jicho kali namna hiyo lilikuwa la majasusi. IKONOS ilistaafu mwaka 2015, lakini wadogo zake ni wakali zaidi: WorldView-3 ya mwaka 2014 inaona hadi sentimita 31. Sura yako haitambuliki, ila banda la mbuzi, mtumbwi ufukweni na shimo la mchimbaji mdogo vyote vimo. (Wingu la ziwa likitanda, jicho hilo nalo ni kipofu kama mimi na wewe.)

Kinachotuhusu hasa ni kwamba kila picha ina tarehe.

Hapa Sengerema leseni maalumu ya kuchimba dhahabu Nyanzaga ilitolewa Desemba 2021 kwa kampuni ya Sotta, ambayo Serikali wakati huo ilikuwa na hisa asilimia 16. Panapokuja mgodi mkubwa watu huhamishwa, na kabla ya kuhamishwa huhesabiwa nyumba, migomba na mihogo. Hapo ndipo neno "tegesha" linapozaliwa. Mzee aliyejenga miaka 10 iliyopita anaweza kuambiwa nyumba yake imeota juzi kuvizia fidia. Picha ya zamani yenye tarehe inaweza kumwokoa. Na wale wenye tegesha za kweli nao wajue, picha haina mjomba.

Bila picha tunabishana kama tulivyobishana juu ya Bulyanhulu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa kule Kahama. Wapo waliodai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zikakanusha. Wakati ule hakukuwa na satelaiti ya biashara yenye jicho la mita moja. Hatusemi picha ingemaliza ubishi, lakini walau watu wangekuwa na pa kuanzia.

Leo jicho lipo, ila lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwenye fedha. Oktoba 2001, Marekani ilipoishambulia Afghanistan, serikali yake ililipa karibu dola milioni 2 kwa mwezi ili picha zote za IKONOS za nchi ile ziwe zake peke yake. Mwandishi wa habari, hata akiwa na fedha mkononi, hakuuziwa. Ikiwa hayo yalimpata mwandishi wa London, mlalahoi wa Igalula atapenya wapi?

Tunasema hivi: mthamini yeyote anayetumia picha ya angani kupanga fidia aibandike ofisi ya kijiji, tarehe ikisomeka, kabla mtu hajatia dole gumba. Nawe kijana uliyesoma, usimwachie mzee mzigo huo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa ruhusa ya kuomba, na ofisi ya umma ina siku 30 za kukujibu. Andika barua, mpelekee mtendaji, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.