Mashauri kwa Wenye Motokaa: Ufunguo Hauwashi Dizeli

Wasomaji kadhaa wa Busia na Malaba wameuliza neno moja: "Motokaa yangu ya dizeli imezeeka. Asubuhi nageuza ufunguo nayo haiwaki. Je, ninunue betri mpya?"

Neno hili si dogo. Mwenye pikapu huko Kocholia huenda ndiye anayetazamiwa na majirani wote alfajiri, mama mjamzito ashikwapo na uchungu, ampeleke hospitali. Na mkulima atakaye kufika soko la Busia na nyanya zake kabla ya jua kuwa kali, akichelewa huweza kupoteza kazi ya majuma mengi. Tena shilingi zilizonunua badala ya kitu kisichokuwa kibovu hazirudi. Kwa hiyo leo twapenda kueleza namna ya kuutafuta ubovu kwa taratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza yafaa kufahamu ya kuwa ufunguo hauwashi dizeli. Petroli huwashwa kwa cheche ya umeme, lakini injini ya dizeli haina cheche kabisa. Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, alitumia kanuni hii: hewa ikishindiliwa sana hupata moto mkali. Katika injini nyingi za zamani hewa hushindiliwa mpaka ikabaki na nafasi ya sehemu moja tu katika 20 hivi. Ndipo dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Basi ufunguo ni kama tarishi, hupeleka amri mahali patatu. Huiamuru stata izungushe injini. Huziamuru plagi za hita zipashe moto vyumba vya kuwakia. Tena huiamuru solenoidi, yaani kizibo kinachovutwa kwa umeme katika pampu, ifungue njia ya dizeli. Amri moja isipofika, motokaa huweza kukataa hata kama zile mbili zimefika.

Kabla ya kugusa kitu cho chote, toa gia, vuta breki ya mkono, na weka mawe kwenye magurudumu. Kisha jiulize: je, injini yazunguka?

Ikiwa haizunguki, washa taa kubwa, ugeuze ufunguo, na mtu mwingine atazame taa. Zikififia sana au kuzimika, umeme ni haba: huenda betri imekwisha nguvu, au vichwa vyake vimeshika kutu, au waya mnene unaotoka kwenye betri umelegea. Zikibaki na mwanga ule ule na stata isilie, amri haikufika: tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na waya mwembamba uingiao katika stata. Ukisikia "ko" moja tu nazo taa hazikufifia, mara nyingi ni shaba za ndani ya stata zilizolika. Fundi huweza kuzibadili bila kununua stata nzima.

Mzee mmoja wa upande wa Amagoro alikuwa na pikapu iliyokataa kuzunguka kila alfajiri. Fundi alimwambia anunue betri, naye akanunua kwa fedha alizoziweka kwa karo ya shule. Baada ya siku nne ubovu ukarudi. Fundi wa pili alifungua waya unaotoka betri kwenda kwenye injini, akakuta kichwa chake kimejaa kutu ya kijani. Akakiosha kwa maji ya moto na magadi, akakisugua kwa msasa, akakikaza. Pikapu ikawaka, nayo betri ya kwanza ilipotiwa umeme na kupimwa ikaonekana nzima. Atakayefanya kazi hii na afungue kwanza upande wa hasi, aurudishe mwisho, ili spana isigonge chuma na kutoa cheche.

Ikiwa injini yazunguka kwa nguvu lakini haiwaki, nenda ukatazame bomba la moshi mwenzio akizungusha. Moshi mweupe ukitoka, mara nyingi maana yake dizeli yafika lakini haipati joto. Hapo zishuku plagi za hita, hasa ikiwa motokaa husumbua alfajiri, na mchana, injini ingali na joto, huwaka mara moja. Dereva na angoje taa ndogo ya manjano izimike kabla ya kuzungusha. Kupima plagi ni rahisi: ondoa waya wake, chukua balbu ndogo ya motokaa, unganisha upande mmoja na chanya ya betri na upande wa pili na kichwa cha plagi. Balbu isipowaka, plagi imekatika. Plagi zikiwa nzima lakini hazipati umeme, tafuta fyuzi na rilei yake. Zikiwa nzima na umeme wafika, huenda injini imechoka na haishindilii hewa kama zamani. Hiyo ni kazi ya fundi na kipimo chake.

Moshi usipotoka kabisa, yaelekea dizeli haifiki. Geuza ufunguo bila kuzungusha, usikilize kwenye pampu: solenoidi nzima hulia "tik". Isipolia, pima kama waya wake una umeme. Ndiyo sababu kuisukuma motokaa ambayo betri yake imekufa kabisa ni kujichosha bure, maana njia ya dizeli imefungwa. Ikilia, mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio, kisha toa hewa: legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ukaze. Hewa huingia motokaa ikiishiwa dizeli, au mpira wa zamani ukipasuka.

Wala usinyunyize petroli au dawa ya kuwashia katika mlango wa hewa. Ikikutana na plagi zenye moto huweza kulipuka na kuvunja pistoni.

Tena angalieni dizeli yenyewe. Pampu hulainishwa na dizeli ipitayo ndani yake. Mafuta ya taa yakichanganywa humo huila polepole. Udanganyifu huu ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili urahisi wa bei usiwavute wachanganyaji. Ye yote anunuaye dizeli ya madebe kando ya njia na aulize kwanza bei ya pampu.

Mwisho, wekeni daftari ndogo ndani ya motokaa. Siku isipowaka, andikeni tarehe, saa, kama injini ilizunguka, na rangi ya moshi. Fundi akisomewa maneno hayo hana haja ya kubahatisha, na mwenye motokaa atajua analipia nini.