Kijana wa Burat Akianza Kung'ara, Timu Imshike au Imwachie?

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tusimweke mtoto wa mtu gazetini. Kiungo wa miaka 17, timu ya mtaani katika wadi ya Burat, kaunti ya Isiolo, Kidato cha Tatu. Msimu uliopita alikuwa anapoteza mpira kila akibanwa na watu wawili, na mashabiki walimzomea hadi akaomba atolewe. Msimu huu ameota macho kisogoni. Anapokea mpira akiwa ameshageuka, anaona mbio za winga kabla winga mwenyewe hajaamua kukimbia, na mechi zilizokuwa zinaisha sare sasa timu inazishinda. Kisha mtu anapiga simu kutoka Nairobi. Anasema ana klabu, kuna kitanda na chakula, kijana aje wiki ijayo.

Kamati inagawanyika papo hapo. Nusu inasema asiende, ndiyo kwanza ameanza kutufaa. Nusu nyingine inasema tukimzuia tutalaaniwa na mama yake. Mimi nadhani pande zote mbili zinajibu swali kabla ya kuuliza jambo moja la msingi: hiyo timu ina haki gani juu ya kijana huyo hata izungumzie kumshika au kumwachia?

Tuanze na wanaotaka abaki, maana hoja yao ina uzito kuliko inavyosikika. Kupanda kwa mchezaji wa umri huo hakujakomaa. Amepata imani ya kocha mmoja na amezoea wenzake. Yule winga amecheza naye tangu darasa la tano. Mng'oe umpeleke kilomita karibu 280 hadi jiji ambalo hana shangazi, umweke benchi nyuma ya viungo wanne wenye miaka 24, halafu urudi kumtazama baada ya miezi minane. Mchezaji wa umri huu hukua kwa dakika za uwanjani. Mazoezi peke yake, hata yawe kwenye nyasi nzuri namna gani, hayatoshi.

Nairobi yenyewe nayo si asali tupu. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoacha udhamini mwaka 2019, klabu za Ligi Kuu ya Kenya zilibaki zikihangaikia mishahara. BetKing, kampuni nyingine ya kamari, ikaja 2020, ikaondoka 2021. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uendeshaji wa shirikisho, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Mzazi wa Burat anayesikia kwamba mwanawe "amechukuliwa na klabu ya ligi kuu" ana haki ya kuuliza mshahara utatoka mfuko gani, na utafika tarehe ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Nairobi hatalielewa haraka. Burat ni wadi ya Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wasomali na Wameru, na imeshuhudia wizi wa mifugo na risasi zilizofuatana nao. Timu inayowaweka vijana wa jamii hizo katika jezi moja inafanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani hotelini haijaiweza. Kiungo mchezeshaji ndiye anayewagawia wote mpira, kwa hiyo akiondoka pengo lake si la mabao peke yake. Nakubali hoja hii. Nisichokubali ni kumbebesha mtoto wa miaka 17 mzigo huo kama vile ni deni lake kwetu.

Sasa upande wa pili. Ligi ya chini ina dari, na mchezaji anayepanda huifikia mapema kuliko kamati inavyodhani. Akishazoea kuwapita mabeki wale wale kila Jumamosi, anaanza kujifunza uvivu. Timu inayodhani inamtunza inakuwa inamdumaza, na mwaka unaofuata inashangaa kwa nini "ameshuka". Hajashuka. Hajapewa mtu wa kumtesa.

Na klabu kubwa hukosea pia. Mshambuliaji Mkenya Michael Olunga alikuwa klabu ya Tusker, akatolewa kwa mkopo Thika United mwaka 2014, kisha 2015 akavaa jezi ya Gor Mahia. Msimu huo alifunga mabao 19 na Gor ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Mwanzoni mwa 2016 akaenda Djurgården ya Sweden, na miaka minne baadaye alikuwa mfungaji bora wa Japani kwa mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol. Tusker iliyokuwa naye mkononi ikamwona akitwaa kombe na jirani. Lakini tazama na upande wa Gor: walimwachia baada ya msimu mmoja tu, mashabiki wakaomboleza, na kuanzia 2017 timu ikachukua ubingwa mara nne mfululizo. Timu iliyojipanga haifi kwa kumpoteza mtu mmoja, hata akiwa mtu wa aina hiyo.

Wamarekani wanaujua mjadala huu kwa sura yao. Katika mpira wao wa mikono na helmeti, kila kitu kinapitia kwa kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kuamua aurushe wapi. Mwaka 2024 Minnesota Vikings walimchukua Sam Darnold, mchezaji aliyeonekana ameshindikana kwingine, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Akarusha pasi 35 za kufunga na timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Halafu mechi mbili za mwisho, zile zenye uzito, akavurunda, na timu ikatolewa. Klabu ilikuwa na kijana mwingine iliyemchagua mapema mwaka huo huo, J.J. McCarthy, aliyekuwa nje kwa jeraha la goti. Wakamwachia Darnold aende Seattle Seahawks, ambao walimpa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 100 na ushei.

Ukiacha hela, kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba Vikings hawakuuliza kama Darnold ameimarika, maana kila mwenye macho aliona. Waliuliza ameimarika kwa sababu gani: ni yeye, au ni kocha, ukuta imara na wapokeaji hodari waliomzunguka? Unaweza kubishana na jibu lao. Swali lenyewe ndilo kamati zetu hukwepa. Kijana wetu wa Burat anang'ara kwa sababu amekua, au kwa sababu msimu huu amepewa mshambuliaji anayejua kukimbia? Njia rahisi ya kujua ni kumtafutia mechi nne au tano za kirafiki dhidi ya timu zilizo juu yake, Meru au Nanyuki, na kumwangalia akiwa na wenzake dhaifu. Nauli ya kwenda Nanyuki ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kumpeleka Nairobi asiye tayari, au kumfungia Burat aliye tayari.

Wapo wanaodhani jibu ni kumbana tu. Hao nawakumbusha kisa cha Feisal Salum, Fei Toto. Yanga ya Tanzania walimpata mwaka 2018 akiwa chipukizi kutoka Zanzibar, akakua mikononi mwao hadi akawa kiungo anayepangiwa timu. Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 za Tanzania katika akaunti ya klabu, akidai amevunja mkataba kwa masharti yake mwenyewe. Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Kisheria klabu ilishinda. Uwanjani hakuna aliyeshinda chochote, maana kijana alikaa nyumbani miezi kadhaa. Juni 2023, Rais Samia alipowaandalia Yanga chakula Ikulu, aliwaomba wamalize jambo hilo, na muda si mrefu Fei Toto akawa wa Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi. Yanga nao, katika miezi ambayo hakuwachezea, walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kila upande uliishi bila mwenzake vizuri tu. Ila zingatia: Yanga ilipata kukaa mezani na kuzungumzia bei kwa sababu ilikuwa na karatasi.

Hapo ndipo Burat inapokwama.

LMD, mahali ambapo watoto wa Burat wanacheza mpira jioni, jina lake limetokana na idara ya soko la mifugo. Ng'ombe kutoka kaskazini walizuiliwa hapo, wakakaguliwa, kisha wakaendelea na safari ya kusini. Mfugaji wa eneo hili hahitaji kufundishwa kwamba kuuza fahali aliyekonda ni hasara, wala kwamba kumngojea anenepe hadi ukame umkute ni hasara kubwa zaidi. Miaka ya 2020 hadi 2023 iliwafunza hilo hata wasiofuga. Lakini mfugaji huyo huyo hampeleki mnyama sokoni bila alama ya kuonyesha ni wa nani. Mchezaji ana kauli yake na hauzwi kama mnyama, hilo lieleweke. Timu, hata hivyo, ina jasho lake ndani ya mchezaji huyo, na jasho hilo linahitaji alama. Timu nyingi za mashinani hazina hata moja. Hucheza vikombe vya wanasiasa, mshindi hupewa jezi na mbuzi, na hakuna jina la mchezaji linaloandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la refa.

Kanuni za FIFA zinasemaje? Mchezaji wa kulipwa anapohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka una nusu ya fungu la miaka ya juu. Klabu ya ridhaa nayo ina haki ya kulipwa. Chukua uhamisho wa kiungo Mkenya Victor Wanyama kutoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 12.5. Kwa hesabu ya kanuni hiyo, kumlea mchezaji wa namna hiyo mwaka mmoja tu, akiwa na miaka 17, ni pauni 62,500, yaani karibu shilingi milioni 8 za Kenya kwa bei ya wakati ule. Timu ya wadi ingeendeshwa kwa miaka mingi kwa pesa hizo.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho husoma kumbukumbu za usajili za mashirikisho na kutengeneza historia ya mchezaji, klabu kwa klabu. Ukiwa humo, hela hukufuata. Usipokuwemo, hakuna wa kupigiwa simu. Na usidhani broka atakusaidia kwa kumlipa baba wa kijana elfu thelathini ili "awe wake": tangu Mei 2015 mtu wa pembeni haruhusiwi kumiliki sehemu ya ada ya baadaye ya mchezaji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama kijana wetu hajasajiliwa katika shirikisho kwa jina la timu, kamati haina cha kushika. Inachoweza ni kumzungusha kwa maneno, na hilo ni uonevu. Kama amesajiliwa, ningemwachia, ila si wiki ijayo. Ningembakiza hadi amalize Kidato cha Nne, mwaka mmoja na ushei, na mwaka huo timu iulipie: mechi ngumu nje ya kaunti, karo ikipungua kamati isaidie kuchanga, na nafasi yake uwanjani isitegemee shangwe za mashabiki. Klabu inayomtaka kweli itasubiri. Isiyoweza kusubiri ilikuwa inatafuta wa kuziba pengo la msimu.

Najua jibu litakalokuja: mwaka ni mrefu, anaweza kuvunjika mguu kwenye uwanja wa mawe, bahati haibishi hodi mara mbili. Kuvunjika anaweza kuvunjika Nairobi pia, na huko pengine akakosa wa kumpeleka hospitali. Hofu ya kwamba simu haitapigwa tena ndiyo inayowafanya wazazi watie sahihi karatasi wasizozisoma. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Broka akija na wa miaka mitano, mzazi ajue hapo hapo anazungumza na mtu wa namna gani.

Siku ya kumwachia ikifika, barua iandikwe kati ya klabu na klabu. Iseme tarehe alizochezea Burat, iseme asilimia ambayo timu itapata akiuzwa mbele, nayo ipelekwe shirikishoni kabla kijana hajapanda basi. Rais wa shirikisho la soka la Kenya aliyechaguliwa Desemba 2024, Hussein Mohammed, ana naibu anayeitwa McDonald Mariga, mtu aliyepitia Sweden na Parma kabla ya kufika Inter. Yeye anazijua karatasi hizi kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya usajili wa ligi za wadi na kaunti ndogo ingekuwa ya kwanza kumdai, kabla ya kumuuliza lolote kuhusu timu ya taifa, Harambee Stars.